Mdaiwa Aliye Ng'ambo

Mume amesafiri kwenda Maskati. Miaka inapita, barua hakuna, masurufu hakuna. Je, mkewe aweza kumshitaki mbele ya Kadhi mtu asiyekuwapo?

Wanazuoni wamehitilafiana. Hanafi hawaruhusu ghaibu ahukumiwe. Shafi, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu wa pwani, wameruhusu, na katika hoja zao ni kisa cha Hind binti Utba: alimshitakia Mtume (S.A.W.) ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, akaruhusiwa kutwaa katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. (Wengine husema hiyo ilikuwa fatwa, si hukumu, kwani Abu Sufyan alikuwamo mumo humo Makka.)

Lakini ruhusa hii ina masharti. Juu ya ushahidi wake, mdai huapishwa kwamba haki yake ingaliko, hakulipwa wala hakusamehe. Na mdaiwa akirudi, hoja yake haikufa, husikizwa.

Sheria ya madai ya Kenya nayo yataka idhini ya mahakama kabla ya samansi kupelekwa nje ya nchi. Mdaiwa asipopatikana, mahakama yaweza kuamuru tangazo gazetini. Hapa ndipo wengine wakosapo. Mke huijua anwani, akasema haijui, ili litoshe gazeti ambalo mumewe hatalisoma kamwe. Hukumu ya namna hiyo yaweza kutanguliwa, naye huenda ameshaolewa na mwingine, ana mtoto kifuani. Bahasha ya barua ya mwisho, yenye anwani mgongoni, na ipelekwe kwa Kadhi pamoja na cheti cha ndoa.