Nywele ndefu: Kazi ambayo nazi ya Kizimkazi inaiweza, na ile isiyoiweza

UKISIMAMA sokoni Darajani, mjini Unguja, asubuhi utaziona nazi zikishushwa kutoka kwenye magari ya shamba, zikiwamo za Kizimkazi na vijiji vingine vya kusini. Subiri hadi mchana, utamwona mama aliyeleta nazi akirudi nyumbani na kopo la mafuta ya nywele kutoka nje ya nchi. Soma maandishi madogo nyuma ya kopo: mara nyingi kinachotajwa mwanzo ni mafuta ya mgando au mafuta mengine yatokanayo na petroli, kisha manukato.

Kwa hesabu za biashara, mama huyo ameuza malighafi kwa bei ya jumla na kununua bidhaa kwa bei ya rejareja, na kwa kazi moja muhimu ya nywele bidhaa hiyo haiifikii malighafi aliyoiuza.

Tuanze na nywele zenyewe, maana anayetaka kuuza lazima ajue anauza nini. Unywele huota kutoka kwenye shina lililo ndani ya ngozi, kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, kisha hudondoka na mwingine huota. Kudondoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Sehemu unayoiona juu ya kichwa haina uhai, na hakuna mafuta yatakayoiharakisha kukua.

Kwa nini basi nywele za mtu mmoja hufika mgongoni na za mwenzake hazivuki shingo miaka nenda miaka rudi? Mkulima wa mahindi anajua jibu. Shamba linaweza kuzaa vizuri, lakini panya wakila ghalani gunia halijai. Nywele nyingi zinazosemekana hazikui zinakua, ila zinakatika nchani kwa kasi ile ile. Nywele zetu za kipilipili zina mikunjo mingi, na kila mkunjo ni mahali pepesi pa kukatikia. Tena mafuta ya asili ya ngozi hayateremki kwa urahisi hadi nchani, hivyo ncha hukauka, na chanuo humalizia kazi.

Hapa ndipo nazi inapoingia. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya petroli. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu waliyoitoa ni kwamba asidi ya lauriki, iliyo nyingi kwenye nazi, hupenya ndani ya unywele, wakati mafuta ya petroli hubaki juu. Msomaji ajue pia kwamba watafiti hao walikuwa waajiriwa wa Marico, kampuni inayouza mafuta ya nazi. Hilo halibatilishi vipimo vyao, lakini si vibaya kujua nani alilipia mizani.

Matumizi yake ni rahisi. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, paka mafuta kuanzia katikati ya nywele hadi nchani, kiasi cha kulainisha tu, ufunge kitambaa laini. Asubuhi osha, na nywele zikiwa bado na unyevu zichanue kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda juu. Anayeanzia kwenye ngozi anasukuma mafundo yote chini na kuyakata.

Kwa akina mama wanaolima mwani huko kusini kuna la ziada, kwani jua na maji ya chumvi hukausha nywele. Kabla ya kushuka pwani lowesha nywele kwa maji baridi yasiyo na chumvi, paka mafuta, funga vizuri, ukirudi zisuuze. Ardhi ya Kizimkazi ni ya mawe ya matumbawe na visima vilivyo karibu na pwani huwa na chumvi, kwa hiyo ndoo ya maji ya mvua iwekwe kwa ajili ya kusuuzia. Na tusijitandie mtandio juu ya nywele mbichi. Ziache zikauke kwanza.

Misuko inayovuta hadi macho yanakuwa membamba ni hasara kubwa kuliko zote. Vipele vikitokea pembeni mwa uso baada ya kusuka, fumua siku hiyo hiyo, kwani mashina yakivutwa kwa miaka hufa na nywele za pembeni hazirudi. Dawa za kulainisha nywele nazo zina kemikali kali. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni niliachiwa dawa kichwani kupita kiasi katika saluni moja. Nilitoka na vidonda, na ilinichukua karibu miaka miwili kurudisha urefu nilioupoteza siku moja.

Kuna matatizo ambayo nazi haiyawezi. Mapunye kwa watoto ni ugonjwa wa fangasi unaohitaji vidonge vya hospitali, na kumpaka mtoto mafuta ni kumchelewesha. Upungufu wa damu nao hupunguza nywele, na hapo dawa ni kupima. Wanawake wengi pia hupukutika nywele miezi michache baada ya kujifungua, kisha nywele hurudi zenyewe, aghalabu ndani ya mwaka. Aliyenunua mafuta kipindi hicho huamini ni mafuta yaliyomponya, na sifa nyingi za mafuta ya kuotesha nywele huzaliwa hivyo.

Sasa upande wa pesa. Chagua nazi zilizopevuka. Koroma lina maji mengi na mafuta kidogo. Kuna, kamua tui, liache litulie hadi zito lipande juu. Chota hilo zito, lipike kwa moto mdogo hadi maji yaishe na mabaki yageuke rangi ya kahawia, kisha chuja kwa kitambaa safi. Rudisha mafuta jikoni kwa muda mfupi ili unyevu wote utoke, kwani tone la maji ndilo linaloyachachisha. Chupa ziwe kavu kabisa na zikae mbali na jua.

Kwa kuwa bei hubadilika, fanya hesabu kwa nazi badala ya shilingi. Lita 1 hula nazi 10 hadi 15, tuseme 12. Ukijaza chupa 10 za mililita 100, kila moja imebeba nazi 1 na kidogo. Tuchukulie kwamba chupa tupu, kibandiko na nauli ni sawa na nazi 1 nyingine, na jasho lako nazi 1. Basi ukiuza chini ya bei ya nazi 3 unajinyonya mwenyewe. Weka gharama zako halisi, lakini usisahau kuingiza chicha unayowapa kuku, vifuu vinavyowasha moto na makumbi ya kusokotea kamba.

Ramadhani usikamue mafuta. Mwezi huo kila jiko linataka tui, nazi hupanda bei, na ni bora kuziuza nzima. Akiba ya mafuta iwe tayari kwa miezi ya wageni: wale wanaokuja kuangalia pomboo, na umati wa Tamasha la Kizimkazi mwezi Agosti.

Kabla ya kubandika jina kwenye chupa, ulizia masharti kwa Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA) na Taasisi ya Viwango (ZBS). Na usiandike kwamba yanaotesha nywele. Andika kwamba yanapunguza kukatika, ambayo ni kweli, na mteja ataiona mwenyewe kwa kupima kwa futi ya fundi cherehani leo na baada ya miezi 6.

Jambo moja zaidi litakalokuletea maneno na wateja. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za kipupwe hilo hutokea. Mteja atarudisha chupa akidai umemchanganyia kitu. Iweke mkononi mwake au juani dakika chache, na itayeyuka mbele yake.