Ulinzi wa Bandari Huanza na Jina la Abiria

Wengi wetu tukisikia ulinzi wa bandari huwaza uzio, geti na askari. Hivyo vina kazi yake. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, mataifa yalikubaliana kanuni ya usalama wa meli na bandari, ikaanza kutumika Julai 1, 2004. Bandari inayopokea meli za safari za kimataifa inatakiwa iwe na mpango wa ulinzi, ofisa wa kuusimamia, na ngazi tatu za tahadhari.

Lakini chombo kinachotoka Kilindoni, Mafia, kwenda Nyamisati hakivuki mpaka wa nchi. Kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili yake. Ulinzi wake ni upi basi? Mimi nasema wa kwanza ni orodha ya abiria. Humwonyesha nahodha kama chombo kimejaa. Ikitokea ajali, huwaambia waokoaji watafute watu wangapi.

MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Walikufa watu zaidi ya 800, na kwa wengi hapakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba walipanda.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda Mafia, karani akikuuliza jina, mpe lako kamili, si la utani. Usisafiri kwa tiketi ya mwenzako. Na idadi ikitimia, geti lifungwe, hata aliyebaki nje akiwa mjomba wa nahodha.