Chawa wa watoto: dawa ya nyanya ibaki shambani

Wamama wa Luvungi wananiuliza: dawa tunayopulizia nyanya, si itaua chawa pia? Hapana, musijaribu. Sumu hiyo inapita kwenye ngozi ya kichwa na kuingia mwilini mwa mtoto. Petroli nayo inachoma, na karibu na jiko inaweza kuwaka.

Pakeni mafuta ya mawese (ya karanga, kama hamutaki nguo ziwe nyekundu), kisha muchane kwa chanuo la meno ya kubanana, mukipangusa kila mara. Mafuta yanazuia chawa kukimbia, lakini mayai hayafi. Yanaanguliwa kwa siku 7 mpaka 10, ndiyo maana munarudia kila siku ya tatu, wiki 2 nzima. Wenye haraka wanyoe, kwa wembe mpya. Tazameni vichwa vyote vya nyumba siku moja, hata cha baba.