Kosa na Kipimo Chake katika Mitandao ya Nyuroni: Mfano wa Matamshi ya Eldoret

Mtandao wa nyuroni haufundishwi kanuni za sarufi. Hupewa sauti au maneno, hukisia jibu, na jibu hilo hulinganishwa na lile lililowekwa kuwa sahihi. Tofauti ya mawili hayo hugeuzwa kuwa namba moja, nayo ndiyo kosa. Tangu makala ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986, njia ya kulirudisha kosa hilo nyuma, tabaka kwa tabaka, ili kurekebisha uzito wa kila kiungo, imeenea kote. Mtandao ukilipa neno sahihi uwezekano wa 0.5, kosa kwa logi asilia ni 0.69, ukilipa 0.01, hupanda hadi 4.61. Anayekosea kwa kujiamini huadhibiwa zaidi kuliko anayesitasita.

Hesabu hiyo haina utata. Utata umo katika jibu linaloitwa sahihi. Wakazi wengi wa Eldoret na viunga vyake lugha yao ya kwanza ni Kikalenjin, ambacho hakitofautishi kifonimu vipasuo ghuna na sighuna. Msemaji aweza kutamka "kari" akikusudia "gari", na sokoni hakuna amwombaye kurudia. Mtandao uliofunzwa kwa sauti za watu wa pwani peke yao hauna uvumilivu huo.

Baada ya mafunzo, mitambo ya kutambua usemi hupimwa kwa kuhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha kugawa jumla hiyo kwa idadi ya maneno ya matini sahihi. Kipimo hiki kilizoeleka katika lugha zenye maneno mafupi. Kiswahili hufunga sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja: "hawatakupikia" ikiandikwa "hawatakupigia", konsonanti moja imeliangusha neno zima, na maana imegeuka. Lakini "wamekwenda" ikiandikwa "wameenda", ambapo maana haikuguswa, adhabu ni ile ile.

Wengine hukimbilia kuhesabu herufi. Huko mambo huharibika zaidi: "hawatakupigia" ina kosa la herufi 1 kati ya 13, yaani 0.08, ilhali "wameenda" ina makosa 2 kati ya 10, yaani 0.2. Lahaja isiyodhuru huonekana mbovu kuliko badiliko linalomfanya mpishi kuwa mpigaji. Afadhali matini sahihi ziandikwe zikiwa na maumbo yote yanayokubalika, na makosa yahesabiwe kwa mofimu, ingawa kazi hiyo huhitaji mwanaisimu akae na rekodi moja baada ya nyingine.