Goti la Assombalonga na mguu wa mchimbaji

Jumapili moja, kiisha sala ya alasiri, tulikuwa tumekaa kwenye kiwanja cha Nyangwe, upande wa kuelekea mtoni. Vijana walikuwa wamemaliza mechi yao. Wengi wao walikuwa wametoka Salamabila, kwenye mashimo ya dhahabu, wamekuja kupumzika kwa wazazi. Kama kawaida, mabishano yakaanza: ni mushambuliaji gani wa Kongo aliye mkubwa kuliko wote? Mmoja alimtaja Bakambu, mwingine Wissa. Mzee mmoja akakumbusha LuaLua, na wote wakacheka juu ya zile sarakasi alizokuwa anapiga kiisha kufunga.

Kisha kijana mmoja, aliyekaa pembeni na fimbo, akasema: “Miye namupenda Assombalonga.” Wenzake wakamrukia: “Ule wa timu ndogo? Hata Premier League hakucheza!” Yeye akajibu polepole: “Ndiyo. Lakini goti lake lilivunjika na akarudi.”

Tulinyamaza wote, kwa sababu tulijua habari ya mguu wa kijana yule. Juu ya neno lile tumeamua kuandika hapa, kwa ndugu zetu wachimbaji, na kwa mama na watoto wanaowangojea nyumbani.

Kupanda ngazi kutoka chini

Britt Assombalonga alizaliwa Kinshasa, Desemba 1992. Wazazi wake walimpeleka Uingereza akingali mdogo sana. Akaingia katika shule ya mpira ya Watford, timu iliyo karibu na London.

Wapenzi wa mpira wengi kwetu wanajua tu Premier League, ile ya kwenye televisheni. Lakini chini yake Uingereza kuna madaraja mengine matatu ya mpira wa kulipwa: Championship, League One na League Two. Timu zote pamoja ni 92. Na chini ya hizo kuna nyingine nyingi sana, ambamo mchezaji anaweza kufanya kazi nyingine mchana na kwenda mazoezini jioni. Uwanja una matope, watazamaji mia chache, mvua inawanyeshea wote.

Huko ndiko Watford ilimtuma Assombalonga ajifunze kazi. Kwanza kwa mkopo Wealdstone, daraja la saba. Kisha Braintree Town, daraja la tano. Msimu wa 2012-2013 akaenda Southend United, daraja la nne, akafunga mabao 15 katika ligi. Hapo ndipo watu wakaanza kuuliza jina lake.

Mwaka 2013 Peterborough United, timu ya daraja la tatu, ilimchukua kwa bei ambayo haijawahi kulipa kwa mchezaji yeyote kabla. Msimu ule alifunga mabao 23 katika ligi, na Machi 2014 alifunga penalti pale Wembley, siku Peterborough ilipoipiga Chesterfield 3-1 na kubeba kombe la timu za madaraja ya chini. Agosti 2014 Nottingham Forest, daraja la pili, ikamnunua. Magazeti ya kule yaliandika pauni milioni 5 na nusu. Kwa Forest pia ilikuwa bei ya juu kuliko zote walizokuwa wamelipa mpaka siku ile.

Kwa muda wa miaka mitatu tu, kijana aliyekuwa akicheza katika matope ya daraja la saba akawa ndiye tegemeo la timu iliyowahi kuwa bingwa wa Ulaya mara mbili.

Siku goti lilipovunjika

Katika msimu wake wa kwanza kule Forest, alikuwa amekwisha kufunga mabao 15 ya ligi. Kisha, Februari 2015, akaumia uwanjani. Mfupa wa goti ulivunjika. Alibebwa kwa machela. Alikuwa na miaka 22.

Alikaa nje zaidi ya mwaka mmoja. Msimu wa 2015-2016 wote karibu ulipita bila yeye. Alirudi wakati ulipokuwa unakaribia kwisha. Mushambuliaji anaishi kwa mbio na kwa kugeuka haraka. Goti likikataa, kazi imekwisha. Wako wengi ambao hawakurudi.

Yeye alirudi. Msimu wa 2016-2017 alifunga mabao 14 ya ligi. Na siku ya mwisho, 7 Mei 2017, Forest ilikuwa inaelekea kushuka daraja la tatu. Walicheza na Ipswich, wakashinda 3-0. Mabao mawili yalikuwa ya Assombalonga. Forest ikamaliza na pointi sawasawa na Blackburn, lakini Blackburn ndiyo ikashuka, kwa tofauti ya mabao tu. Lile goti lililovunjika liliokoa timu nzima.

Miezi miwili baadaye Middlesbrough ikamnunua. Bei iliyotajwa ni pauni milioni 15. Akacheza kule misimu minne, akawa hata kapiteni, kisha akaenda Uturuki. Leopards walimwita mwaka 2018. Katika Kombe la Afrika la 2019 kule Misri alifunga bao la nne siku tulipoipiga Zimbabwe 4-0. Nyangwe tulilisikia bao lile kwenye redio.

Premier League hakucheza hata mechi moja. Lakini alikula mpira, na alilisha watu wake.

Nani alimlipa wakati amelala?

Sisi wa sindika tuko na ulizo letu moja, hata tukitazama mpira. Miezi ile yote, mtu amelala, mguu umefungwa, hafungi bao, hauzi tiketi: nani alimlipa?

Jibu liko katika kontra. Kontra ya kazi ya wachezaji wa Uingereza inaandika kwamba mchezaji akiumia kazini, mshahara wake wa msingi unaendelea, na timu inabeba matibabu. Haitegemei huruma ya patroni. Imeandikwa, na pande mbili zimetia sahihi kabla ya mtu kuvunjika.

Na neno hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Mwanzo wake uko karibu na sisi kuliko tunavyodhani. Mchezaji maarufu wa zamani za kwanza za mpira wa Uingereza aliitwa Billy Meredith, mtu wa Chirk, kijiji cha makaa ya mawe kule Wales. Aliingia katika mgodi akiwa na miaka 12, kazi yake kuongoza farasi wadogo waliokokota mikokoteni chini ya ardhi. Hata alipoanza kucheza Manchester City mwaka 1894, alikuwa angali akishuka shimoni siku za kazi.

Kuanzia 1901, wakubwa wa mpira waliweka sheria: mchezaji asipate zaidi ya pauni nne kwa juma, hata uwanja ukijaa namna gani. Meredith alikuwa amekwisha kuona kule mgodini namna wachimbaji wanavyojiunga. Desemba 1907, katika hoteli moja ya Manchester, yeye na wenzake wakafungua sindika ya wachezaji. Mwaka 1909 wakubwa wakasema: atakayebaki katika sindika hatacheza. Wachezaji wa Manchester United walikataa kutoka, wakafungiwa, wakajiita wenyewe “waliofukuzwa”. Mwishoni wakubwa walikubali sindika ikae. Lakini ile sheria ya kufunga mshahara iliondoka mwaka 1961 tu, wakati wachezaji walipotishia kugoma wote pamoja. Zaidi ya miaka hamsini, ndugu! Meredith alikuwa amekwisha kufa.

Kwa hiyo, Assombalonga alipolala kitandani mwaka 2015, nyuma yake kulikuwa na watu waliopigania karatasi ile kabla babu yake hajazaliwa. Na wa kwanza wao alikuwa mchimbaji.

Neno “kuuzwa”

Vijana wetu wanasema: “Assombalonga aliuzwa milioni 15.” Hapa Nyangwe neno hilo ni zito. Wazee wetu walijua maana yake ya kweli. Soko letu, pale pale kando ya Lualaba, ndipo tarehe 15 Julai 1871 wafanyabiashara wa watumwa walifungua bunduki juu ya watu wa soko, mamia wakafa, wengi wao wanawake, na Livingstone akaona kwa macho yake. Wale waliouzwa siku zile hawakutia sahihi popote.

Mchezaji hauzwi namna ile. Kinachouzwa ni kontra yake, tena lazima yeye mwenyewe akubali kutia sahihi kwa timu mpya. Akikataa, biashara imekufa. Kontra ikiisha, anakwenda anakotaka. Tofauti kati ya mtu na bidhaa ni ile sahihi.

Basi tukitaka kumwiga Assombalonga, tusianze na mabao. Tuanze na sahihi.

Mguu wa kijana mwenye fimbo

Kijana wetu wa kiwanjani ana miaka 22, umri ule ule. Jiwe lilimwangukia shimoni. PDG wa shimo alimlipia pikipiki ya kumrudisha nyumbani, na franka kidogo za dawa. Katika kaye ya PDG, jina lake lilikuwa na deni la chakula, na deni lilibaki. Mama yake aliuza mbuzi wawili. Mguu umepona vibaya. Hacheze tena, hachimbe tena.

Hatuandiki haya ili tumlilie tu. Tunaandika kwa wale ambao miguu yao ingali mizima.

Kwenu mnaofanya kazi katika kampuni, au kwa wale wanaopewa kazi na kampuni: sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inataka kontra iandikwe. Ukiitwa kila asubuhi kama mtu wa kutwa, hesabu siku zako. Ukifikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na wakikuchukua tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, sheria inakuhesabu kuwa na kontra isiyo na mwisho. Andika siku hizo katika kaye yako mwenyewe, si katika kaye ya patroni peke yake. Uliza namba yako ya CNSS. Kama hakuna namba, siku ya jiwe kudai haki yako kutakuwa kugumu zaidi.

Kwenu wachimbaji wa mkono: kodi ya mambo ya mini ya 2018 inataka muwe na karte na muwe katika koperative iliyokubaliwa. Wengi wanasema koperative ni mdomo tu wa wakubwa. Inaweza kuwa hivyo, kama mnawaachia wakubwa. Ingieni, muulize hesabu, muweke kisanduku cha ajali. Tunajua likelemba tangu zamani. Mama zetu wanaiendesha bila kuibiana. Kama watu thelathini wa shimo moja wanaweza kuchanga kwa kilio, wanaweza pia kuchanga kwa mguu wa mwenzao angali hai. Na patano na PDG liandikwe mbele ya mashahidi kabla ya kushuka: nani analipa hospitali, na deni linafutwa namna gani.

Na kwenu wazazi wenye mtoto anayejua mpira: akija mtu na koti zuri kusema anatafuta pesa za viza ili ampeleke mtoto Ulaya, shikeni mbuzi wenu. Timu inayomtaka mchezaji ndiyo inayolipa. Assombalonga alilipiwa kutoka timu mpaka timu. Mzazi anayelipa ili mtoto wake aajiriwe ameanza safari kwa kinyumenyume.

Jumapili ile, giza lilipoingia, vijana walimsaidia mwenzao kusimama. Mmoja wao, aliyekuwa amecheka zaidi kuliko wote juu ya “timu ndogo”, alitusogelea akauliza kwa sauti ya chini: “Baba, ile karatasi ya PDG, tunaiandika namna gani?”

Tulimwambia aje kesho na wenzake. Walikuja saba. Tuliandika.