Nyumba ya Kwanza na Mshahara Mdogo

Kila mwisho wa mwezi, katika mitaa ya Nairobi, huonekana mikokoteni ikisukumwa jioni, imebeba kitanda, jiko, beseni na sufuria mbili tatu. Nyuma ya mkokoteni mara nyingi hutembea kijana na mke wake, na majirani husimama milangoni kutazama vyombo vikiteremshwa. Macho hayo ya majirani yamewaingiza vijana wengi katika deni.

Karani mmoja, aliyeoa karibuni, alipanga vyumba viwili. Akisha kulipa kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwenye nyumba, fedha zilizobaki hazikufika nusu ya mshahara wake. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuona dukani makochi mazuri yenye mito ya buluu. Bei ya taslimu ilikuwa shilingi 40,000, lakini aliambiwa kuwa angeweza kuyachukua kwa kutoa 8,000, kisha 3,000 kila mwezi kwa miezi 18. Mkewe, ambaye ni binti wa mkulima na amezoea kupima kabla ya kupanda, alitwaa kalamu na kufanya hesabu. Jumla ilikuwa 62,000. Alimwuliza bwana wake kwa upole kama makochi hayo yangelaliwa usiku, maana hiyo ziada ya 22,000 peke yake ingaliweza kununua kitanda na godoro.

Ni kweli kwamba Sheria ya Kenya ya mwaka 1968 juu ya ununuzi wa namna hii humlinda mnunuzi kwa kadiri fulani. Katika mapatano yaliyo chini ya sheria hiyo, mtu akisha kulipa theluthi mbili za bei, mwenye mali hawezi kuja kuichukua bila kwenda mahakamani. Lakini anayeshindwa mapema, katika mwezi wa nne au wa tano, hana ngao hiyo. Aweza kupoteza makochi pamoja na fedha alizokwisha kutoa.

Basi makochi yaliachwa, ingawa bwana alinuna siku mbili.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuta, zilizokuwa nyeusi kwa moshi wa waliotangulia. Rangi ya dukani ni ghali. Chokaa ni rahisi. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba walinunua mfuko wa chokaa iliyokwisha kuzimwa, wakaikoroga na maji katika pipa, wakatia chumvi kidogo ili ishike vizuri, wakaiacha mpaka asubuhi na kuichuja kwa kitambaa. Ukuta husuguliwa kwanza, kisha hunyunyiziwa maji, maana ukuta mkavu huinyonya chokaa upesi na baadaye hutoka unga. Ipakwe nyepesi mara mbili au tatu, si nzito mara moja. Nayo haishiki juu ya rangi ya mafuta. Apakaye alinde macho yake sana, kwa kuwa chokaa huunguza. Chumba kilipokauka kilionekana kuwa kikubwa zaidi, na taa ile ile ikatoa nuru zaidi, kwani ukuta mweupe huirudisha nuru badala ya kuimeza.

Kitanda walikitafuta kwa maseremala wa Gikomba. Hapo bibi alionyesha busara ya nyumbani kwao. Kabla ya kwenda alipima mlango na chumba kwa kamba, akafunga fundo kila mahali palipohitajika. Wako watu walionunua kabati zuri wakalala nalo nje, kwa sababu halikupita mlangoni! Aliinua mbao pia. Mbao mbichi ni nzito na baridi mkononi. Zikikauka ndani ya nyumba hupinda, viungo vikalegea, na kitanda kikalia usiku kucha mpaka jirani ajue habari zote. Walichagua cha msaipresi mkavu, hakina maua wala vioo.

Katika godoro hawakubana fedha. Sponji hafifu hubonyea kati baada ya muda mfupi, na mtu hununua mara mbili. Meza na viti viwili vilikuwa vya mkono wa pili, vikateremshwa uani kwanza wala havikuingizwa ndani. Kunguni hujificha katika viungo na matundu ya misumari, na kuanika juani peke yake hakutoshi. Dawa ya watu wasio na fedha ni maji yanayochemka, yakamiminwa polepole katika kila ufa.

Mapambo yalikuja mwisho, nayo yaligharimu kidogo kuliko yote. Doti moja ya kanga ina vipande viwili, na vipande hivyo vilitosha dirisha lao dogo. Lakini anayetundika kanga dirishani asisahau kusoma jina lake kwanza. Maneno mengine yalitungwa kumchoma jirani mwenye wivu, na mama mkwe akija kutembea atakaa akiyatazama alasiri nzima. Kwa kugawa chumba walitumia kitambaa kizito kisicho na maandishi, kilichopita juu ya waya uliokazwa ukuta hadi ukuta. Mkeka wa ukindu, uliotoka pwani, ulifunika sakafu mahali ambapo saruji ilikuwa imepasuka.

Jioni bibi hufuma vitambaa vya viti kwa nyuzi nyeupe. Amekwisha kumaliza sita, na viti ni viwili tu. Bwana alipouliza vingine ni vya nini, alionyeshwa kopo lililo juu ya kabati la vyombo, ambamo kila mwezi huwekwa zile shilingi 3,000 ambazo zingalikwenda dukani. Makochi yatanunuliwa kwa taslimu. Ila mito, asema bibi, haitakuwa ya buluu.