Pesa ya nani inapita katika akaunti ya ushirika wetu?

Ndugu washirika wa Fizi na Baraka,

Jambo hili tunalijua, ila kwenye mkutano hatulisemi. Mtu anafika Baraka akitokea machimbo ya dhahabu upande wa Misisi. Si mwanachama, hana hata shina moja la muhogo. Anamwambia prezida wa ushirika: "Mzee, niwekeeni hizi dola kwa akaunti yenu, muandike kwamba mmeuza unga. Nanyi mtabakisha kidogo." Kwa ushirika ambao mashine yake ya kusaga imekufa, hicho kidogo ni kikubwa.

Huko ndiko kufua pesa. Pesa ya dhahabu ya magendo, ya kodi iliyokwepwa au ya wizi inapakwa unga wa muhogo ili ionekane imetoka shambani.

Sheria ya kupinga jambo hilo ilikuwepo tangu 2004. Oktoba 2022 shirika la kimataifa GAFI likaiweka Kongo katika orodha ya nchi zinazochungwa kwa karibu, na tarehe 27 Desemba 2022 ikatoka sheria mpya, namba 22/068. Benki inapaswa kumjua mwenye pesa wa kweli, si jina la akaunti tu, na ikiwa na mashaka inamjulisha CENAREF, ofisi ya serikali inayofuatilia mambo hayo. Na ushirika wenyewe unaweza kuadhibiwa, si prezida peke yake.

Tuseme ukweli: sheria hii inawafaa zaidi watu wenye benki jirani. Kwetu mihogo, ndagala na mawese vinauzwa kwa pesa mkononi, na mnunuzi hana hata kalamu. Basi daftari ndilo shahidi wenu: tarehe, kilo, bei, jina la mnunuzi, sahihi au alama ya kidole. Mkiwa mmeuza magunia 40 na akaunti inaonyesha pesa ya magunia 400, nani atawaamini?

Wengine wanauliza kama michango ya kila juma na likelemba navyo ni kosa. Hapana, ni jasho lenu. Andikeni tu nani ametoa ngapi.

Na yule mwenye begi? Mwambieni afungue akaunti kwa jina lake mwenyewe. Ila uamuzi huo upitishwe kwenye mkutano mkuu na uandikwe katika PV, prezida asibaki peke yake mlangoni na dola za watu.